Kila Saa Sita

Bi Mkasi hakuogopa ugonjwa. Alichoogopa ni mumewe akiugua. Wake wengine, waume zao wakishikwa na homa, hupika uji na kupunguza sauti ya redio. Yeye alijiandaa kama wakili anayekwenda mahakamani, maana alijua kwamba kila kidonge kitakachoingia mdomoni mwa yule bwana kitatanguliwa na kesi ndefu, na kwamba kesi yenyewe atashindwa.

Mumewe alikuwa mpiga chapa, na mtaa mzima ulimwita Bwana Chapa. Mkewe walimwita Bi Mkasi kwa sababu mbili: ndiye aliyekata na kukunja kila kilichotoka kwenye mashine, na ndiye aliyekuwa na ulimi. Sababu ya pili watu waliisema akiwa hayupo. Walikuwa na vyumba viwili vya mbele katika nyumba yao, navyo waliviita kiwanda. Chumba cha kwanza kilikuwa na mashine ya kuchapia, ya kijivu, iliyobambuka rangi mahali ambapo mkono wa bwana ulishika kila siku. Cha pili kilikuwa na meza ndefu, kopo la gundi, na mashine ya kukatia karatasi yenye kisu kirefu kama mkono wa mtu mzima. Katikati palining'inia pazia lenye alama za vidole vyeusi upande mmoja tu, upande wa bwana.

Walichapa kadi za mialiko, vyeti vya shule za chekechea, vitabu vya risiti, na zile bahasha ndogo za dawa ambazo wagonjwa hupewa dirishani. Kazi yote hiyo ilitegemea kidole kimoja, kidole gumba cha mkono wa kulia wa Bwana Chapa. Kidole hicho kilijua karatasi. Mwenyewe aliusugua ukingo wa karatasi mara moja, macho yakiwa kwingine, akasema, "Hii nyepesi, irudishe," na muuza karatasi akienda kuangalia lebo ya rimu anakuta kweli ameleta nyepesi. Mashine yao ilikuwa kuukuu na haikuwa na simile. Karatasi ikizidi unene ilikwama, ikipungua zilipita mbili mbili. Kipimo kingine hawakuwa nacho. Bi Mkasi alikuwa amejaribu kujifunza mara kadhaa, lakini kwake yeye karatasi ilikuwa karatasi.

Sasa mtu mwenye kidole kama hicho ungetarajia akitunze. Bwana Chapa alikuwa na falsafa.

"Maumivu ni barua," alipenda kusema. "Ukimeza kidonge umeichana kabla hujaisoma."

"Na wewe ukishaisoma unafanya nini?" mkewe alimuuliza. "Unaikunja unaiweka kabatini!"

Miaka ishirini na mitatu ya ndoa ilikuwa imejaa barua za kabatini. Kuna mwaka jino lilimsumbua wiki tatu, akatembea amefunga taya kwa kitambaa, anakunywa maziwa kwa mrija, na siku lilipong'olewa akawaambia wateja kwamba lilikuwa karibu kutoka lenyewe. Kuna mwaka alipewa vidonge vya homa, akawa anavipokea kwa adabu, anakunywa maji yake glasi nzima, anashukuru. Mwezi mmoja baadaye Bi Mkasi alifungua mkebe wa wino uliokwisha na kukuta vidonge kumi na kimoja vimelala chini, vyeusi tititi. Siku hiyo alikaa kwenye kiti akashika kichwa.

Na kana kwamba huyo mmoja hatoshi, Mungu alimpa bwana huyo dada. Wifi yake Bi Mkasi alikuwa na mkoba wa ngozi bandia ambao haukukosa dawa za kifua, za tumbo, za kuwasha, za usingizi, na nyingine zisizo na pakiti ambazo yeye mwenyewe alizitambua kwa rangi. Kaka hakumeza chochote, dada alimeza chochote. Akisikia mtu kapona, swali lake la kwanza lilikuwa, "Vimebaki vingapi?" Bi Mkasi alikuwa katikati yao, mtu wa kawaida tu, anayemeza anachoambiwa, kwa idadi anayoambiwa, mpaka kiishe. Katika familia ile jambo hilo lilimfanya aonekane mtu wa ajabu.

Yote haya angeyavumilia kama si kile kisu.

Ilikuwa Jumatano asubuhi. Bwana Chapa alikuwa anakifuta kisu cha mashine ya kukatia, kazi aliyoifanya kila wiki, na kitambaa kikateleza. Kidole gumba kikachanika kutoka ubavuni mwa kucha mpaka karibu na kifundo. Hakupiga kelele. Alichukua kitambaa kile kile, chenye wino na mafuta, akakizungusha kidoleni, akaendelea na kazi.

"Nenda ukaoshwe hicho kidonda," Bi Mkasi alisema.

"Ni mkwaruzo."

"Mkwaruzo haudondoshi damu kwenye vyeti vya watoto, baba watoto."

"Nitavichapa upya."

Kufikia Jumapili kidole kilikuwa kimevimba kama nyanya, kinang'aa, na kucha imeanza kugeuka rangi. Jumatatu alikubali kwenda zahanati, kwa sharti kwamba asisindikizwe kama mtoto. Bi Mkasi alikuwa na vyeti vya kupeleka shuleni siku hiyo, akaona heri nusu shari: aende hata peke yake, mradi aende.

Alirudi saa tano na bahasha mbili.

"Daktari amesema nini?"

"Nimeze dawa."

"Na nini kingine?"

"Kwamba wale vijidudu wakifika mfupani itabidi wakate." Alilisema kama mtu anayezungumzia tawi la mti lililoangukia ukuta wa jirani.

"Wakate nini?"

"Kidole, mama watoto. Wangekata nini, nywele?"

Bi Mkasi alikaa. Alikitazama kile kidole, kisha akaitazama mashine ya kijivu upande wa pili wa pazia. Akamwomba Mungu ampe ulimi laini, walau siku moja tu.

"Tufanye hivi," alisema. "Bahasha hii ni ya dawa za kuua vijidudu, na hii ni ya maumivu. Sivyo?"

"Ndivyo. Za maumivu sitaki. Nitajuaje kidole kinapona kama sikisikii? Na zinatia ganzi mikono, nitashikaje karatasi?"

Hazitii ganzi mikono. Bi Mkasi alilijua hilo, na alijua pia kwamba akilisema watafika saa kumi bado wanabishana. Akameza maneno. "Sawa. Za maumivu zitupe pipani ukitaka. Lakini hizi nyingine uzimeze zote, usibakize hata kimoja. Ukifanya hivyo, sitasema neno juu ya hizo za maumivu."

"Hata moja?"

"Hata nusu neno."

Wakapeana mikono, bwana kwa wa kushoto. Na saa sita kamili mchana, Bwana Chapa alizima mashine, akanawa, akasimama mbele ya saa ya ukutani, na mshale mrefu ulipogusa kumi na mbili akaweka kidonge ulimini na kukimeza hadharani, mdomo akiuacha wazi ili mkewe akague. Bi Mkasi alikagua. Kidonge hakikuwepo.

Wiki ile aliishi kwa matumaini. Kila mchana akiwa nyumbani alishuhudia ile sherehe ya saa sita. Jioni akirudi kutoka kupeleka kazi za watu aliuliza, "Umemeza?" na mumewe akajibu, "Nimemeza," akamwangalia usoni bila kupepesa. Usiku alimsikia akiamka, akadhani anaenda msalani. Jumatano wifi alifika, akaufungua mkoba wake juu ya meza ya kukunjia.

"Kaka, nina vya njano na vya rangi mbili. Vya rangi mbili ndivyo vikali."

"Wifi, funga mkoba," alisema Bi Mkasi. "Ana dawa zake na anazimeza."

"Anazimeza? Huyu?" Wifi alimtazama kaka yake kama mtu aliyeambiwa kwamba paka ameanza kusoma. "Kaka, unaumwa kweli!"

Lakini kidole hakikuwa na habari na matumaini ya mtu. Alhamisi kilitoa harufu. Ijumaa asubuhi Bwana Chapa alishindwa kufunga vifungo vya shati, na mstari mwekundu ulikuwa umeanza kupanda kuelekea kiganjani. Bi Mkasi alimfunga vile vifungo. Alipomaliza alichukua bahasha, akamwaga vidonge mezani na kuvihesabu kwa ncha ya mkasi.

"Ishirini," alisema.

"Ishirini nini?"

"Vidonge. Walikupa ishirini na nane, leo siku ya tano, na hapa viko ishirini." Sauti yake ilianza kupanda. "Mkebe uko wapi?"

"Mkebe gani?"

"Usiniulize mkebe gani! Mkebe wa wino! Au safari hii umepata chungu cha maua?" Alikuwa amekwisha kuinama chini ya meza, anafungua makopo, anayatikisa. "Kidole kinaoza, mtu mzima na mvi zako, unanionyesha ulimi kila mchana kama mtoto wa chekechea, kumbe unanichezea!"

"Nimemeza!"

"Umevitema!"

"Nimemeza, nasema!" Bwana Chapa alipiga meza kwa mkono usio mbaya. "Safari moja tu maishani mwangu nimemeza kama nilivyoambiwa, na ndiyo safari unayoniita mwongo! Mchana nameza. Usiku natega saa ya mezani, naiweka chini ya mto isikuamshe, naamka nameza. Unadhani huwa naenda kuhesabu nyota?"

Bi Mkasi aliinuka polepole kutoka chini ya meza. "Unaamka saa ngapi?"

"Saa sita! Si imeandikwa? Kila saa sita. Saa sita mchana, saa sita usiku."

Aliichukua bahasha akaisoma. Katika mstari mmoja wa herufi nene, na nafasi mbili zilizojazwa kwa kalamu, ilisema: *Meza kidonge 1 kila saa 6.*

"Baba watoto," alisema, "hii maana yake ni kila baada ya saa sita. Asubuhi, mchana, jioni, usiku. Mara nne."

"'Baada' iko wapi?"

"Inaeleweka."

"Mimi ni mpiga chapa. Naelewa kilichochapwa. Nionyeshe 'baada'."

Alitaka kumjibu kwamba aliyechapa bahasha hii ni mjinga wa mwisho. Neno lilikuwa limefika menoni. Ndipo macho yake yalipoteremka hadi ukingo wa chini, kwenye herufi ndogo kama mchanga, akasoma jina la kiwanda chao.

Akamgeuzia mumewe bahasha, akamwonyesha jina lile.

"Haikuenea," Bwana Chapa alisema. Hasira yote ilikuwa imemtoka. "Walitaka herufi nene. Mstari haukuenea. Nikatoa maneno mawili."

Bi Mkasi hakuwa na haja ya kwenda kutafuta prufu, ile nakala ya kukaguliwa kabla ya kuchapa, kwenye faili, lakini alienda. Aliikuta. Pembeni ilikuwa na alama ya vema kwa kalamu nyekundu, na chini yake sahihi iliyopinda mkia. Kila prufu iliyotoka pale aliisoma yeye. Aliijua ile sahihi kama anavyoijua sura yake. Asubuhi nzima alikuwa akitafuta wa kumkasirikia, na sasa alikuwa amempata, amekaa kwenye kiti chake mwenyewe, amevaa aproni yake.

Hawakumaliza chai. Walikwenda zahanati pamoja, na mbele ya daktari walianza kueleza wote wawili kwa wakati mmoja, huyu "saa sita", yule "maneno mawili", mpaka daktari, mwanamke kijana mwenye subira, akainua mkono.

"Mzee, dada wa dirishani hakukueleza kwa mdomo?"

"Alieleza," alisema Bwana Chapa. "Nilikuwa nasoma."

Daktari alikifungua kidole, akakibonyeza hapa na pale. Alisema nyama imekufa sehemu ya ncha na lazima iondolewe leo hii, na kucha pamoja nayo. Mfupa hawezi kuusema mpaka auone. Akaandaa sindano.

"Hiyo ya nini?" aliuliza Bwana Chapa.

"Ganzi."

"Sihitaji. Nitavumilia."

"Najua wewe utavumilia," alisema daktari. "Mimi ndiye sitavumilia. Nahitaji kidole kisichoruka."

"Mchome, daktari," alisema Bi Mkasi.

"Mama watoto, si ulisema hata nusu neno?"

"Mchome mara mbili!"

Mfupa ulikuwa mzima. Daktari alipolitamka hilo, Bi Mkasi aligundua kwamba alikuwa ameushika mkoba wake kwa nguvu kiasi cha kuukata mkanda. Walirudi na dawa mpya, na safari hii daktari mwenyewe aliandika kwa mkono, kwa maneno, asubuhi na mchana na jioni na usiku.

Ganzi ilipoisha ilikuwa alasiri. Bwana Chapa alikaa kwenye kiti cha kukunjia, mkono ameuinua, jasho linamtiririka shingoni. Mkewe aliweka vidonge viwili vya maumivu na glasi ya maji mbele yake. Aliondoka, akarudi baada ya nusu saa. Vilikuwa pale pale.

"Nasoma barua," alisema mumewe, meno yamebana.

Bi Mkasi aliviangalia vile vidonge. Kichwa chake mwenyewe kilikuwa kinagonga tangu asubuhi kama mashine iliyolegea skrubu. Akavichukua vyote viwili, akavimeza, akanywa na maji.

Jumatatu iliyofuata walitengeneza mhuri wenye maneno mawili, BAADA YA, wakaenda nao kila mahali walipowahi kupeleka bahasha. Sehemu ya kwanza ilikuwa duka la dawa karibu na sokoni. Muuza dawa aliwasikiliza akiwa ameegemea kaunta, akacheka.

"Mama, mwaka mzima hakuna mteja aliyelalamika."

"Aliyekosea atalalamikaje? Hajui kama amekosea."

"Tunawaambia kwa mdomo."

"Hata huyu aliambiwa." Bi Mkasi aliuinua mkono wa mumewe wenye bandeji na kuuweka juu ya kaunta, kama mzigo. Muuza dawa aliacha kucheka. Akaenda nyuma, akaleta maboksi manne. Waligonga mihuri pale pale, wamesimama, yeye akigonga na mumewe akigeuza bahasha kwa mkono wa kushoto, mpaka duka likafungwa kwa ajili ya chakula cha mchana na kufunguliwa tena.

Wiki tatu baadaye bandeji ilitolewa. Kidole kilikuwepo, kifupi kidogo kuliko mwenzake, bila kucha, ncha yake laini na ya waridi kama kitu kisicho cha mwili ule. Bwana Chapa alikwenda moja kwa moja kwenye rimu mpya iliyoletwa asubuhi. Akaugusa ukingo, macho yakiwa kwingine.

"Nzito," alisema. "Inafaa."

Akaziweka kwenye mashine, akawasha. Karatasi zikapita mbili mbili, kisha tatu, kisha zikajisokota ndani na mashine ikaanza kulalamika.

"Zima," alisema Bi Mkasi. "Zima!"

Alizima. Alisugua karatasi nyingine, kisha nyingine tena, akabadilisha mkono, akajaribu kwa kidole cha shahada. Mkewe alimwona akijaribu na akaona anachokipata, ambacho kilikuwa si kitu. Alikuwa anatafuta neno la upole. Ndipo mumewe alipogeuka, akainua kile kidole, akakigonga kwenye chuma cha mashine, kwa, kwa, kwa, na uso wake ukachangamka.

"Lakini umeona? Hakiumi hata kidogo. Na sikumeza hata kimoja cha maumivu!"

Bi Mkasi alikaa. Akavuta rimu mbili, hii ya leo na nyingine ya zamani, akaziweka mbele yake. Kazi za watu zilikuwa zinasubiri, watoto walikwisha kuhamia kwao, na ndani ya nyumba hiyo kulikuwa na vidole gumba vingine vitatu tu, kimoja cha huyu asiyesikia la mtu.

"Njoo unifundishe," alisema.

Bwana Chapa alisogeza kiti. "Fumba macho. Usibonyeze, gusa tu."

"Nimegusa."

"Unasikia nini?"

"Nasikia hasira."

"Hasira haina unene. Gusa tena."